Kiraka Alichokifuta Nyamizi

Mkono wa bandia wa Mzee Lufunga ulikuwa ukisukuma chapati, vidole vya chuma vikijua unga mlaini na mgumu kwa kuugusa tu, mara ukaganda. Haukufunguka ng'o. Mzee akapanda treni ya angani na kifimbo cha chapati kimekwama kiganjani, abiria wakimcheka, mpaka ofisini kwa binti yake, Nyamizi.

"Mama, ni nini hiki? Asubuhi mkono umejisasisha wenyewe, sasa ndiyo hivi!"

Nyamizi alijua palepale, akajichukia. Yeye ni mtunzaji wa Jamvi, mkusanyo wa programu za Linux unaoendesha mashine zote za Mwanza. Watu wa Jamvi hawaandiki programu. Wanazichukua chimbukoni, kwa waandishi wenyewe, wanazijaribu, kisha wanazisambaza. Lakini kiendeshi cha mkono ule, programu inayouongoza, ni cha siri. Kampuni iliyokiunda ilikifunga, halafu ikafilisika, na hakuna awezaye kukifungua akakirekebisha. Chimbuko lilipouondoa mlango wa zamani ambao kiendeshi hicho hupitia, Jamvi waliurudisha kwa kiraka chao wenyewe, mistari michache ya kurekebisha programu. Nyamizi ndiye aliyekifuta. Desturi yao ni kwamba kiraka kilichokataliwa chimbukoni hakibebwi, naye anapenda usafi. Kikaoni walimpigia makofi. Makofi, jamani!

Akampigia simu Kaijage, msimamizi wa matoleo.

"Nakirudisha kile kiraka sasa hivi."

"Toleo limeshafungwa, dada. Hakiingii kitu mpaka toleo lijalo. Halafu tubebe uchafu kwa ajili ya programu ya siri? Walaumiwe walioifunga."

"Walioifunga hawapo tena, Kaijage! Baba yangu yupo, amesimama hapa na kifimbo!"

"Basi mrekebishie wake. Utaratibu ni wa wote."

Nyamizi alikata simu, akasonya. Akauunganisha mkono wa baba yake na kompyuta, akaurudisha kwenye toleo la zamani, akauzuia usijisasishe tena. Vidole vikaachia. Kifimbo kikaanguka sakafuni.

"Haya baba, umepona. Nenda kamalizie chapati zako."

Mzee Lufunga hakuondoka. Alikunja vidole, akavikunjua, akavitazama.

"Unamkumbuka yule mama fundi cherehani, tuliyewekewa naye mikono hii siku moja?"

"Namkumbuka."

"Yeye binti yake anafanya kazi wapi?"