Mashimo Sita Nyuma ya Karakana

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye mdomo.

Ijumaa asubuhi, darasani kwetu hapa Chang'ombe, Mwalimu Elinaza alitufundisha kuhusu mabomu ya ardhini. Alieleza kwamba nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zimesaini mkataba wa kutoyatengeneza wala kuyatumia, na kuyaondoa yaliyokwisha kutegwa. Hata panya wanafunzwa Morogoro kuyanusa.

"Vita vikiisha askari hurudi nyumbani," alisema, "lakini bomu hubaki pale pale. Miaka mingi baadaye linamkata mguu mtoto anayetafuta kuni."

Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, si vita? Adui akikanyaga, shauri yake!"

Darasa likacheka.

Kumbe nami nilikuwa na vita vyangu. Nyuma ya karakana za magari kuna uwanja tuliougombania na watoto wa mtaa wa pili. Kiongozi wao alikuwa Hudhaifa, ninayesoma naye. Wakiwahi wao, sie tunageuka watazamaji. Basi jioni ile mimi na wenzangu tukachimba mashimo sita kwenye njia yao, kila moja la kufika magotini. Tukayafunika kwa maboksi, juu tukamwaga mchanga. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Jumamosi, aliyetumbukia hakuwa Hudhaifa. Alikuwa Bi Nunu, jirani yetu anayewauzia mafundi vitumbua. Beseni liliruka kule, yeye akaanguka huku, na kifundo cha mguu kikavimba kama andazi.

"Nani kachimba hapa?" aliuliza, mafundi wakimkalisha juu ya tairi.

Miguu yangu ilishataka kukimbia. Lakini nikakumbuka kwamba watoto wadogo wa madrasa hupita njia ile ile, na mdogo wangu Shaima hutangulia mbele yao.

"Ni mimi, Bi Nunu," nikasema. "Na mengine yapo."

"Yako wapi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Usiku upepo ulikuwa umesawazisha mchanga wote. Nilikumbuka mawili tu.

Hudhaifa akatokea, mpira kwapani. "Oya, Nassibu! Umetega mpaka umesahau? Panya wa Morogoro wana akili kuliko wewe!"

Alicheka weee, kisha akaweka mpira chini, akaokota fimbo. Tukajipanga mstari, mtaa wao na wetu, tukawa tunadungadunga ardhi polepole. Mwalimu Elinaza, aliyekuwa akitoka sokoni, alipoona hali ile aliwazuia watoto wa madrasa kando ya njia. Shaima akanipungia mkono.

Tukayapata manne. La mwisho halikuonekana.

"Labda tulichimba matano," nikasema, nikirudi nyuma hatua moja.

Puu! Nikazama mpaka gotini, mchanga mpaka mdomoni. Hata Bi Nunu alicheka, huku ameshika mguu wake.

Tulifukia yote, tukaokota vitumbua na beseni. Kisha mbele ya Mwalimu, mimi na Hudhaifa tukapeana mikono: asubuhi uwanja wao, jioni wetu, na kuchimba marufuku.

"Ndiyo maana mataifa nayo yalikaa chini yakakubaliana," Mwalimu alisema. "Silaha isiyojua kumtofautisha askari na mama anayekwenda sokoni haifai hata vitani. Na aliyeitega ana wajibu wa kuiondoa."

Kila mtu aliitikia kwa kichwa. Mimi mdomo bado uliniwasha.

"Bi Nunu, nisamehe. Kuanzia kesho beseni nitakubebea mimi mpaka upone. Lakini haki ya Mungu sikukutegea wewe. Nilimtegea Hudhaifa!"

Bi Nunu akauweka vizuri mguu wake, ambao fundi mmoja alikuwa ameufunga barafu kwa kitambaa.

"Nimesikia, mjukuu wangu. Na lile lililokumeza wewe, nalo lilikudhania Hudhaifa?"