Samaki Mdogo na Fungu la Tatu

Kila mwaka baada ya mavuno, Mwanakombo alikaa barazani na ungo wake, akachambua karanga mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la mbegu. Fungu la pili lilikuwa la kupeleka sokoni Masasi. La tatu lilikuwa la nyumbani.

Fungu la tatu lilikuwa la karanga zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizoota ukungu. Mwanakombo hakuona ubaya. Mama yake alifanya hivyo hivyo, na bibi yake pia. Ukila zilizo nzuri, sokoni utapeleka nini? Aliziosha, akazikaanga mpaka zikanukia, akazitwanga, akaungia kisamvu. Mumewe, Mrisho, alikipenda kisamvu kile kuliko pilau ya Idi.

Sasa Mrisho hayupo. Amelala makaburini, nyuma ya mikorosho.

Ugonjwa wake ulianza kwa uchovu. Kisha macho yakawa ya manjano. Tumbo likajaa, mikono ikakonda. Walipomfikisha hospitali, daktari alisema ini lina saratani, na kwamba wamechelewa. Haikupita miezi miwili, wakamzika.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mtu wa umri huo akifa, midomo hailali. Siku ya tatu ya msiba maneno yalikuwa yamekwisha kupikwa na kupakuliwa. Watu wakakumbuka kwamba Mrisho aliwahi kugombana na kaka yake, Rajabu, juu ya mpaka wa mikorosho. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mmoja. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Mwanakombo alikuwa na uchungu, na uchungu hutafuta mtu wa kumlaumu. Akaamini kwamba Rajabu amemroga ndugu yake.

Tangu siku ile hakumwamkia shemeji yake. Akawakataza na watoto wake, Faridi na Shamila. Rajabu alipopita, wote walitazama chini. Kwetu, kumnyima mkubwa shikamoo ni kumwambia kwamba hahesabiwi tena katika watu.

Rajabu hakujibizana na mtu. Alianza tu kufunga vitu vyake, ahamie kijiji cha Nanganga.

Eda ilikuwa imekwisha Winfrida alipokuja kutoa pole. Winfrida ni binti wa jirani, Mama Veridiana. Anafanya kazi katika maabara ya chuo kimoja, mbali na kijiji chetu cha Lulindi, na hakuweza kuja msibani.

"Hodi! Shikamoo, Mama Faridi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Pole sana, mama."

"Tumeshapoa."

Mwanakombo akamwekea mgeni sahani ya karanga za kukaanga. Winfrida alichukua moja, akaipasua kwa ukucha, akatazama ndani. Akairudisha.

"Mbona huli?" Mwanakombo akamtania. "Umekuwa mtu wa mjini, karanga zetu huzitaki?"

"Sivyo, mama. Hizi mlizimenyaje?"

"Kama siku zote. Maganda makavu yanaumiza vidole. Tunazilowesha usiku kucha, asubuhi zinamenyeka zenyewe. Kisha tunatia kwenye gunia."

"Bila kuzianika tena?"

"Ah, mwanangu! Kazi ni nyingi."

Winfrida akatoa simu, akamwonyesha picha ya samaki wadogo wenye mistari ya bluu, wakiogelea kwenye boksi la kioo.

"Hawa ndio ninaowatunza."

"Yaani umesoma miaka yote ile, unafuga dagaa?"

Winfrida akacheka. "Hawa hawaliwi, mama. Huyu anaitwa samaki pundamilia, kwa sababu ya mistari yake. Wanaochunguza magonjwa ya ini wanamtumia sana."

"Samaki na mtu, wapi na wapi?"

"Samaki naye ana ini. Linafanya kazi nyingi kama letu. Linatunza nguvu ya chakula, linavunja sumu. Kitoto chake kikifika siku tano tu, ini limeshaanza kazi. Na mwili wake unapitisha mwanga. Ukimtazama kwa hadubini, unaliona ini bila kumpasua. Mtu anaweza kuumwa ini miaka mingi asijue. Kwa samaki huyu tunaona mabadiliko kwa siku chache."

Akafungua picha nyingine mbili.

"Tazama. Huyu alikaa kwenye maji safi. Huyu alikaa kwenye maji yaliyotiwa sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yenye unyevu."

Mwanakombo akaisogeza simu karibu na macho. Ini la samaki wa kwanza lilikuwa safi, limejaa. La wa pili lilikuwa limesinyaa na kuingia weusi.

"Maskini. Kiumbe mdogo hivi!"

"Nasi hatufurahii, mama. Kuna kanuni, hatutumii zaidi ya wanaohitajika. Na samaki si mtu. Yeye anatuonyesha pa kutazama. Lakini kwa sumu hii, wataalamu wamekwisha kutazama hata kwa watu. Wanaoila miaka mingi wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ini."

"Lakini mimi naziosha. Nazikaanga!"

"Moto wa jikoni hauimalizi. Harufu ya ukungu inaondoka, sumu inabaki."

Mwanakombo aliitazama sahani. Akaisukuma kando.

"Winfrida, niambie kweli. Mimi ndiye niliyemuua mume wangu?"

"Hapana, mama. Hukujua. Na hakuna anayeweza kusema ni karanga peke yake. Ini lina maadui wengi. Daktari hakutaja kitu kingine?"

"Alisema Mrisho ana virusi vya homa ya ini B. Akataka mimi na watoto tukapimwe. Sikwenda. Nilijiona najua ugonjwa umetoka kwa nani."

"Virusi hivyo na sumukuvu vikikutana kwa mtu mmoja, hatari inazidi mno. Vyote vinajulikana, mama. Vyote vina kinga. Hakuna aliyeutuma ugonjwa huu."

Mwanakombo akajifunika uso kwa kanga. Alilia kwa ajili ya Mrisho, na safari hii alilia pia kwa aibu.

Kesho yake alichimba shimo nyuma ya nyumba. Faridi akaleta gunia la fungu la tatu.

"Mama, si tuwape kuku?"

"Kuku nao wana ini," akasema Mwanakombo. Akazimwaga, akazifukia.

Karanga ambazo bado zilikuwa na maganda hazikuloweshwa. Alizianika juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Alizigeuza mara kwa mara. Akizitikisa zikalia ndani ya ganda, alijua zimekauka. Alizimenya kavu, akatoa zote zilizosinyaa, zilizovunjika au kubadilika rangi. Gunia akaliweka juu ya mbao, mbali na ukuta. Vidole viliuma kweli. Viliuma, akaendelea.

Akawachukua na watoto mpaka Masasi, wakapimwa. Watoto walikuwa wamechanjwa tangu wachanga. Wote watatu hawakuwa na virusi. Mwanakombo akapewa chanjo ya kwanza na tarehe ya kurudi.

Lilibaki jambo moja, nalo lilikuwa zito kuliko gunia. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Alijaza bakuli karanga safi, akawashika watoto mkono, akaenda kwa Rajabu. Walimkuta uani akifunga godoro kwa kamba. Mwanakombo akapiga magoti.

"Shikamoo, shemeji."

Rajabu hakuitikia.

"Nilikusema kwa jambo usilolifanya. Mrisho aliugua ini, na daktari alituambia. Sikutaka kusikia. Nisamehe."

"Mlikuwa wengi mliosema."

"Ndiyo. Wenzangu nitawaambia mmoja mmoja. Leo nimekuja kwa mdomo wangu."

Rajabu akaendelea kukaza kamba. Shamila akamtazama mama yake. Mwanakombo akampa ishara kwa kichwa, na mtoto akasogea mbele.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Kamba ilimtoka Rajabu mikononi. Ilikuwa miezi mitano hajaisikia sauti ile.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Akaketi juu ya godoro, akapokea bakuli. Akachukua karanga moja, akamgawia Shamila nusu.