Siku Niliyokataa Kuchovya Mkono

Kila alasiri nikitoka shule napitia karakana ya shangazi, navua viatu mlangoni na kuanza kuosha ndoo. Kazi yetu ni kutia vitambaa rangi. Mapipa yanachemka upande mmoja, kamba za kuanikia ziko upande wa pili, na sakafu ya katikati ina madoa ambayo hayajawahi kuogopa sabuni. Wiki ile mapipa yote yalikuwa ya buluu, kwa ajili ya sare za shule. Shangazi ndiye aliyenilea, na mafundi wake wananiita Kichwa Ngumu. Jina hilo silikatai.

Mafundi wetu hawakuwa wakivaa glavu. Walisema huwezi kujua kama rangi imeiva bila kuisikia kwa ngozi, na kwamba fundi mwenye mikono misafi ni fundi wa maneno. Mtoto wa karakana alipokua, alichovya mkono hadi kiwiko mbele ya wote, akapigiwa makofi. Zamu yangu ilipangwa Jumamosi.

Alhamisi niliingia msalani baada ya shangazi kutoka. Alikuwa amesahau kumwaga maji, na yaliyobaki chooni yalikuwa mekundu.

"Shangazi, hii ni damu."

"Damu ya nani? Nimetia rangi nyekundu tangu ujana wangu. Inaingia kwa mikono, inatokea huko. Sisi mafundi tunalijua hilo." Akacheka. "Halafu si wewe uliyenihubiria kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili? Basi waache wafanye kazi."

Kesho yake nilimfuata mwalimu wa sayansi, nikamweleza yote.

"Niliwapa nusu ya somo," alisema. "Askari hao wana vimeng'enya, yaani protini zinazobadilisha kemikali mwilini. Huvitumia kuua vijidudu. Tatizo ni kwamba vimeng'enya havichagui. Baadhi ya rangi zina kemikali ambazo zikiingia mwilini bado ni butu. Vimeng'enya vya ini, na hata vya askari hao, vinaweza kuzibadilisha zikawa kali, zikanata kwenye vinasaba ndani ya chembe na kuviharibu. Hapo ndipo saratani inapoweza kuanza, na kwa wanaotia rangi mara nyingi huanzia kwenye kibofu cha mkojo."

"Kwa hiyo mwili wenye nguvu hausaidii?"

"Nguvu hizo hizo ndizo zinazonoa kisu. Si kila anayegusa rangi huugua, lakini damu kwenye mkojo haingojwi. Akapimwe."

Nilimwambia shangazi jioni ile. Akasema nisimletee uchuro nyumbani kwake.

Jumamosi mafundi walizunguka pipa lililoachwa lipoe kiasi. Mnyapara, baba mmoja mpana tunayemwita Mwiko kwa kuwa haachi kukoroga, akaniita. "Haya binti, pandisha mkono wa shati."

Nikaficha mikono nyuma. "Sichovyi."

"Unaogopa joto?"

"Naogopa kinachoingia. Sichovyi, wala siji tena hapa, mpaka shangazi apimwe. Anakojoa damu, naye anaiita rangi."

Shangazi alinitazama kana kwamba hanijui. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Nisamehe kwa hilo, shangazi. Kwa mengine sikuombi radhi."

"Adabu, mtoto," Mwiko akanguruma.

"Nichapeni. Nikimaliza kulia nitauliza hivi: wiki nzima tumetia buluu. Mbona mkojo wake ni mwekundu?"

Mwiko alitazama mikono yake ya buluu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, Jumatatu twende. Hata mimi nina jambo la kumwambia daktari."



Mwiko alikutwa na maambukizi ya mkojo, akapewa dawa. Shangazi alikutwa na uvimbe mdogo kwenye kibofu. Ilikuwa saratani, ila haijasambaa. Ukaondolewa, na daktari akamwambia kwamba angekaa nao mpaka umwume, mambo yangekuwa mengine. Atampima kwa miaka mingi.

Aliporudi kazini, shangazi alirudisha kwa muuzaji unga wa rangi tuliokuwa tukiutumia, akanunua mwingine unaoeleza kilichomo, pamoja na glavu ndefu. Fundi mmoja akanung'unika kwamba sasa hatajua rangi imeiva lini.

"Chovya kipande cha kitambaa ukitazame," shangazi akamwambia. "Macho unayo. Mimi nilijisifu kwamba mwili wangu unapigana, kumbe nilikuwa naulisha sumu inayonolewa humo humo ndani. Mwili usiubebeshe vita ambavyo mkono wako ungevikataa mlangoni." Akanigeukia. "Na mtoto akisema kweli kwa ulimi mkali, pokeeni kweli kwanza. Adabu atafundishwa baadaye."

Nilifundishwa jioni hiyo hiyo, kwa maneno marefu. Niliyasikiliza yote nimeinamisha kichwa, na sikukubali hata mara moja kwamba nilikosea.