Waliolala kwa Ndugu

Kila asubuhi Mwanaasha alifagia uwanja wa mdogo wake Seleman, huko Pasua mjini Moshi. Akimaliza, alifagia tena. Kwao Kahe, saa kama hizo angekuwa shambani, akifungulia mpunga maji ya mfereji. Hapa mbele yake palikuwa na ukuta wa jirani tu.

Masika yaliujaza mto, maji yakaingia kijijini na kuiangusha nyumba yake. Majirani wengine walikwenda kulala katika madarasa ya shule. Yeye na binti yake Nasrin walikuja kwa Seleman, wakabanana na watoto wake chumba kimoja.

Siku moja alifika Theopista, ofisa maendeleo ya jamii.

"Shikamoo, mama. Tunawatafuta watu waliohamishwa na mafuriko."

"Marahaba. Hapa hakuna," Mwanaasha alijibu upesi. "Mimi nimekuja kumtembelea ndugu yangu."

Seleman akatazama chini. Nasrin ndiye aliyesema, "Mama, si nyumba yetu ilianguka?"

Mwanaasha akakaa kwenye kigoda. "Nikiandikwa, ni kama nimekubali kwamba sirudi tena."

Theopista akachutama karibu naye. "Hapana, mama. Aliyelazimika kuacha nyumba kwa mafuriko au ukame amehamishwa na maafa, hata kama analala kwa ndugu. Sisi tumewahesabu wa shuleni tu. Ninyi mliotawanyika mjini hamuonekani, kwa hiyo msaada unapangwa kwa watu wachache."

"Na nikirudi?"

"Tutaandika umerudi. Ndiyo maana tutakuja kuuliza tena. Kuhesabu siku ya mafuriko peke yake hakutoshi."

Mwanaasha akataja jina lake na la Nasrin. Jina la kijiji alilitaja mwisho, polepole. Baadaye alijifunga kanga, akampeleka Theopista kwa Elifuraha, jirani yake wa Kahe aliyejihifadhi kwa shangazi yake hapo hapo Pasua. Elifuraha naye aliwajua wengine.

Hesabu mpya ilionyesha kwamba waliolala kwa ndugu walikuwa wengi kuliko wa shuleni. Nao wakapewa mabati na mbegu, na kijiji kikawatengea viwanja mahali palipoinuka.

Masika yalirudi. Safari hii maji yalipita chini, mbali na nyumba mpya ya Mwanaasha. Mvua zilipokatika, Theopista akaja kuuliza kama alivyoahidi.

"Niandike umerudi, mama?"

Mwanaasha alitazama bondeni. Palipokuwa na nyumba yake palikuwa pameota matete.

"Pale sikurudi. Andika nimepata makao mapya." Akaongeza, "Andika pia kwamba pale napakumbuka."

"Fomu haina nafasi ya jambo hilo, mama."

"Najua," alisema Mwanaasha. "Nilitaka tu mtu alisikie."