Mawe Yaliyovikwa Fomu

Sanduku la kwanza lilifunguliwa bandarini saa tatu asubuhi. Badala ya pampu za maji, yakatoka mawe. La pili, mawe. La kumi, mawe makubwa zaidi, kana kwamba mwizi alishaanza kunogewa na kazi.

Inspekta, ambaye kituo kizima kilimwita Kobe, alichuchumaa akayakagua moja moja. Kando yake alisimama mwenye pampu, mjane mwenye karakana ya mafundi kumi na mmoja. Serikali ilikuwa imemdhamini auze pampu katika nchi ambayo ndiyo kwanza inafungua soko lake. Meli ilikuwa inaondoka saa kumi jioni. Pampu zikikosekana, dhamana inafutwa na karakana inafungwa.

Wakala wa mnunuzi alikwishamwita mjane tapeli mara mbili. Mkaguzi wa ofisi ya mauzo ya nje, aliyeyafunga masanduku hayo kwa lakiri, muhuri wa nta, kwa mkono wake, alitikisa kichwa kwa huruma iliyopitiliza. Wafanyabiashara wadogo ndivyo walivyo, akasema, hawabebeki.

Kila jiwe lilivikwa karatasi lisigongane na lenzake. Kobe akakunjua moja: fomu ya fundi viatu akiomba msaada wa kuuza nje. Nyingine, wafuga nyuki. Nyingine, kina mama wa sabuni. Zote zilikuwa na mhuri wa kupokelewa, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

"Mama, uliomba mara ngapi?"

"Nne, afande. Tatu za mwanzo waliniambia hazionekani."

Kobe akakunjua karatasi nyingine, akampa. Picha ya mjane mwenyewe ilikuwa imebanwa pembeni, ina vumbi la jiwe usoni.

Akamgeukia mkaguzi. "Fomu hizi hukaa wapi?"

"Kabatini."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi, mkuu, lakini..."

"Hiyo lakini ishike kwanza."

Kobe akataka kujua dhamana ingeenda kwa nani kama mjane angeanguka. Daftari la ofisi likamtaja shemeji wa mkaguzi, mtu ambaye hajawahi kutengeneza hata msumari. Polisi wakalivamia ghala lake. Pampu zote arobaini za mjane zilikuwa zinapakwa rangi ya buluu zisitambulike. Shemeji alikana katakata, vidole vyote kumi vikiwa buluu. Maabara haikuhitajika.

Kobe alibakiza pampu moja ya ushahidi. Nyingine zote zikapakiwa rangi ikiwa mbichi, na meli ikang'oa nanga zikiwa ndani.

Kituoni, mkaguzi hakulia wala hakuapa. Alieleza kama anayeeleza utaratibu wa ofisi.

"Shemeji hakuwa na bidhaa, mkuu. Kazi yetu ni kusaidia wauzaji. Nikamsaidia kupata cha kuuza."

"Na fomu za watu?"

"Zilikuwepo tu. Hakuna aliyekuwa anazisoma."

Kobe akaiweka kalamu chini. Akamuuliza kama aliwahi, hata kwa dakika moja, kuwafikiria wale mafundi kumi na mmoja.

Mkaguzi akafikiri kweli.

"Si wangeomba tena mwakani," akasema. "Fomu ni bure."