Simu ya Kikundi Ilipokosa Sauti

Nekesa na mumewe Wakoli wana ng'ombe wawili wa maziwa. Wanaishi kando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Endebess. Kila siku, ikifika saa kumi na mbili asubuhi, wamemaliza kukama. Wakoli anaosha ndoo. Nekesa anabeba maziwa mpaka langoni, kwa sababu hapo ndipo wanawake wa kikundi chao hukutana.

Kikundi kinaitwa Khuyetana. Kwa Kibukusu maana yake ni kusaidiana. Kina wanawake kumi na wawili. Kila mmoja huleta maziwa yake, yote humiminwa katika mtungi mmoja mkubwa, kisha mwenye bodaboda huupeleka mtungi kwenye kituo cha maziwa.

Mwaka jana kikundi kilinunua simu. Nekesa alichaguliwa kuitunza. Ndani ya simu waliweka programu inayoitwa Zizi Letu. Kazi ya programu hiyo ni kukumbuka mambo ya ng'ombe: amepandwa lini, atazaa lini, amepewa dawa gani.

Lakini kitu kilichowafurahisha zaidi ni kwamba Zizi Letu ilikuwa inasema. Nekesa alibonyeza picha ya spika, na simu ikasoma kwa sauti pale langoni: "Ng'ombe wa Gathoni, leo apewe dawa ya minyoo."

"Haya, nimesikia, wacha kunipigia kelele!" Gathoni, mmoja wa wanakikundi, aliijibu simu, na wote wakacheka.

Aliyeipenda sauti hiyo kuliko wote ni Bilha. Ana miaka sitini na minane na hakuwahi kukaa darasani. Wenzake humwita Kukhu, yaani nyanya. Kadi za daktari wa mifugo kwake zilikuwa karatasi tu. Lakini simu ilipomsomea, hakusahau hata neno moja.

Jumatatu moja ng'ombe wa Bilha aliugua kiwele. Daktari alikuja, akamdunga sindano. Akamwambia Nekesa, "Andika kwa simu. Dawa ni ya siku tatu. Baada ya hapo mngoje siku nne zingine. Maziwa yake yasichanganywe na ya wengine mpaka siku hizo ziishe."

Nekesa aliandika. Jumanne simu ikasema, "Bilha, maziwa yasiletwe." Jumatano ikasema vilevile. Bilha aliyamwaga maziwa hayo bila kunung'unika.

Jumatano jioni ujumbe ulitokea kwenye kioo cha simu: "Toleo jipya la Zizi Letu liko tayari. Sasisha sasa." Ujumbe huo ulikuwa umetokea kila siku tangu wiki iliyopita. Nekesa alichoka nao. Akabonyeza "Sasisha" bila kusoma zaidi, akaenda kupika ugali.

Asubuhi Zizi Letu ilikuwa na sura nyingine. Rangi ya kijani ilikuwa imegeuka bluu. Picha zilikuwa zimehama. Nekesa alitafuta spika juu, akatafuta chini. Hakuiona.

"Leo simu haisemi?" Bilha akauliza.

"Naona imenyamaza, Kukhu."

"Basi hakuna neno," Bilha akasema, akidhani siku za dawa zimekwisha. Akamimina maziwa yake kwenye mtungi. Nekesa alikuwa bado anaitafuta spika, hakumwona.

Saa tatu Kiplangat, mpimaji wa kituo cha maziwa, alimpigia Nekesa simu.

"Mama, mtungi wenu una dawa. Nimepima mara mbili. Siwezi kupokea."

"Wote?"

"Wote. Imechanganyika, si unajua? Hayo maziwa mtoto wa mtu akinywa, haifai."

Mtungi mzima ukamwagwa. Maziwa ya wanawake kumi na wawili!

Mchana walikusanyika kwa Nekesa. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Mimi sikujua," Bilha akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Simu haikusema kitu."

"Kosa si la Kukhu," Gathoni akasema. Gathoni ni jirani wa Nekesa. Wazazi wake walitoka Nyeri wakapata shamba hapa zamani, na yeye husema wazi lililo moyoni. "Kosa ni la mwenye alibonyeza. Mama Nelima, nani alikutuma kusasisha?"

Nekesa, ambaye binti yake anaitwa Nelima, aliinamisha kichwa. "Nilifikiria ni kitu kizuri."

"Kizuri wapi, bana? Wametunyang'anya sauti!"

"Lakini picha mpya ni kubwa," mwanamke mmoja akasema kwa woga. "Mimi naziona vizuri."

"Tutakula picha?" Gathoni akamuuliza. Kisha akatoa simu yake mwenyewe. "Sikizeni. Shemeji yangu amenitumia linki. Ati ukibonyeza hapa, unapata Zizi Letu ya zamani, na sauti yake."

Wakoli alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Hiyo ndiyo dawa," akasema. "Rudisheni ya zamani, mambo yaishe. Lete niwekee."

Akafungua ile linki kwenye simu ya kikundi. Ukurasa ukaja, wenye picha ya ng'ombe. Ukauliza jina. Wakoli akaandika. Ukauliza nambari ya simu. Akaandika. Kisha ukauliza nambari ya siri, ile ya kutolea pesa.

Kidole cha Wakoli kilikuwa tayari kinashuka. Nekesa akamshika mkono.

"Baba Nelima, ngoja! Ng'ombe na nambari ya siri vinajuana wapi?"

Wakoli akaitazama simu. Akamtazama mkewe. Akaiweka simu mezani polepole, kama mtu aliyeshika yai.

"Kesho naenda Kitale," Nekesa akasema. "Nitamuuliza Mary Ann."

Mary Ann ana kibanda cha kutengeneza simu mjini Kitale, karibu na soko. Wasichana wawili wanajifunza kazi kwake. Nekesa na Gathoni walimkuta akifungua simu iliyoangukia supu.

Alisikiliza habari yote. Kwanza aliangalia ile linki, akaifuta. "Mlibahatika," akasema. "Huyo alikuwa mwizi. Anajua watu wamekasirika juu ya sauti, ndiyo maana anawaahidi sauti. Programu ichukueni kwa duka la programu lililo ndani ya simu yenyewe, si kwa linki ya shemeji."

Gathoni akatazama pembeni. "Huyo shemeji atanisikia."

"Pengine na yeye alitumiwa tu. Mwambie pole pole." Mary Ann akafungua Zizi Letu. "Sasa tuangalie. Toleo jipya likija, vitu vingine huwa vimehama tu. Vingine huwa vimeondolewa kabisa. Lazima ujue ni kipi kimehama na ni kipi kimeondoka, ndiyo usipigane na kivuli."

Akawaonyesha picha ya kengele, juu kwenye kona. Nekesa akaibonyeza. Maneno yakaja: "Bilha. Maziwa yasiletwe. Siku zilizobaki: 3."

"Kumbe ilikuwa hapa!" Nekesa akasema. "Mimi nilidhani hakuna."

"Ukumbusho ulihamia kwa kengele. Na sauti je? Tusome." Mary Ann akafungua ukurasa wa Zizi Letu dukani. Chini ya maneno "Yaliyo mapya" palikuwa na mistari mitano. Nekesa akasoma mstari wa nne: "Tumeondoa kusoma kwa sauti ili programu iwe nyepesi."

Akausoma tena. "Walikuwa wamesema."

"Walisema, ndiyo. Wengi hatusomi. Dakika moja tu ya kusoma, kabla ya kubonyeza. Na kama kuna kitu mnakitegemea, uliza kwanza."

"Na Kukhu atafanya nini sasa?" Gathoni akauliza.

"Kuna njia ya muda." Mary Ann aliingia kwenye mipangilio ya simu, mahali pa kuwasaidia wasioona vizuri. Simu nyingi huja na msomaji wa maandishi ndani. Akamwasha. Simu ikasoma ujumbe wa Bilha, lakini ilitamka kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. "Ma-ZI-wa ya-si-LE-twe."

Gathoni alicheka mpaka akashika meza. "Kukhu atakimbia!"

"Itawasaidia kwa sasa," Mary Ann akasema. "Lakini waandikieni wenye programu. Ofisi yao iko Bungoma, nambari iko hapa chini. Msiwatukane. Watu wengi huandika tu 'mmeharibu', na hapo mtengenezaji hajui afanye nini. Mwambieni mlikuwa mnafanya nini, kimetokea nini, na mnataka nini."

Jioni hiyo Nekesa aliandika. Wakoli alikaa kando yake na kumsaidia na maneno, ingawa neno lake la kwanza, "wajinga nyinyi", Nekesa alilikataa. Waliandika hivi:

"Sisi ni kikundi cha Khuyetana, karibu na Endebess. Kila asubuhi tulibonyeza sauti, ikatusomea ukumbusho. Mmoja wetu hajui kusoma. Mlipoondoa sauti, alileta maziwa yenye dawa bila kujua, na mtungi wetu wote ukamwagwa. Tunaomba sauti irudi."

Baada ya siku mbili jibu lilikuja. Lilitoka kwa Levi, kiongozi wa watengenezaji. "Poleni sana. Tuliondoa sauti kwa sababu hesabu yetu ilionyesha kwamba ni simu tisa tu zilizokuwa zikiitumia, kati ya simu mia nane."

Nekesa alisoma mara mbili. Kisha akaandika, "Simu yetu ni moja kati ya hizo tisa. Lakini tunaosikiliza ni kumi na wawili. Hao wengine umewauliza wako wangapi?"

Safari hii jibu lilikuja siku hiyo hiyo. "Sikuwa nimefikiria hivyo. Tafadhali njooni Bungoma, tuzungumze."

Walienda watatu: Nekesa, Gathoni na Bilha. Bilha alivaa kitambaa chake cha kwenda kanisani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Levi aliwapa chai. Ndani walimkuta mzee mmoja ameketi, jina lake Wabwile, mkulima kutoka Tongaren. Levi alikuwa amemwita yeye pia.

"Nataka tusikie pande zote," Levi akasema.

Wabwile alitoa simu yake mfukoni. Ilikuwa ndogo, na kioo kilikuwa na ufa. "Mimi nasema ukweli," akaanza. "Hiyo sauti ilijaza simu yangu. Kila nikifungua Zizi Letu, inakwama. Ng'ombe wangu alizaa nikiwa bado nangoja ifunguke! Walipoiondoa, nilishukuru Mungu."

"Kwa hivyo simu yako ipumue, na mimi nibaki kiziwi?" Bilha akamuuliza.

"Si hivyo, mayi." Wabwile alimwita mama kwa heshima. "Lakini hata mimi ni mteja."

"Na mimi je, ni mgeni?"

Gathoni alitaka kuingilia, lakini Nekesa alimgusa goti. Bilha aliendelea, na sasa hakuwa na sauti ndogo ya siku ile.

"Mwanangu Levi, mimi sijui karatasi. Lakini najua kusikia. Uliposema simu tisa, ulihesabu simu. Hukuhesabu masikio. Na huyu mzee ana haki yake. Sitaki anyang'anywe. Je, huwezi kutenga sauti kando? Kama chumvi. Si lazima upike nayo kwa chungu. Iweke mezani, anayetaka aongeze."

Levi alimgeukia kijana wa kike aliyekuwa kwenye kompyuta. "Inawezekana?"

"Inawezekana," msichana akasema. "Sauti iwe kifurushi chake. Anayeihitaji anakipakua. Asiyeihitaji, simu yake inabaki nyepesi."

"Hapo mimi sina neno," Wabwile akasema, na akampa Bilha mkono.

Levi alikiri kosa lingine. Hawakuwauliza watumiaji; sasa watawauliza kabla ya kuondoa kitu, akasema, na tangazo la mabadiliko litakaa ndani ya programu yenyewe mwezi mzima, kwa herufi kubwa. Kisha akamtazama Bilha akitabasamu. "Shida moja imebaki. Yule msomaji wa zamani alikuwa wa mashine. Tunahitaji sauti ya mtu. Mtu anayejua ng'ombe."

"Mnanitazama nini?" Bilha akauliza.

Kurekodi kulichukua siku mbili. Msichana wa kompyuta alimwambia neno, naye Bilha akalisema kwa namna yake: "Maziwa yasiletwe, nakuomba." "Leo dawa ya minyoo, usisahau." "Amekaribia kuzaa, usiende mbali."

Wiki sita baadaye ujumbe wa toleo jipya ulikuja tena. Nekesa hakubonyeza. Aliwaita wenzake langoni, akawasomea "Yaliyo mapya" mstari kwa mstari. Wakauliza maswali. Gathoni aliuliza manne. Ndipo wakakubaliana, wakasasisha pamoja, na kupakua kifurushi cha sauti. Kesho yake Bilha alijiambia mwenyewe, kupitia simu, kwamba maziwa yake yaletwe. Kiplangat aliyapokea yote. Tangu siku hiyo mtungi wa Khuyetana haujakataliwa.

Mwezi wa nane Bilha alienda kumwona binti yake, akapitia soko la Misikhu kununua vitunguu. Muuzaji alikuwa mama wa makamo aliyeshughulika kupanga mafungu yake.

"Vitunguu hivi ni pesa ngapi?" Bilha akauliza.

Mama yule aliinua kichwa ghafla. "Sema tena."

"Nimeuliza vitunguu ni pesa ngapi."

"Wewe!" Mama akapiga makofi. "Ni wewe! Wewe ndiye unaniambia kila asubuhi nisipeleke maziwa!" Akawaita wenzake wa meza za jirani. "Njooni muone, huyu ndiye wa simu!"

Wakaja, wakamsalimu kwa mikono miwili. Bilha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake ya simu, polepole:

"Bei ya vitunguu ipunguzwe, nakuomba."

"Ai, mayi," muuzaji akasema, huku akiongeza fungu la pili kwenye mfuko. "Ukisema, mimi huwa natii tu."