Muhuri wa Mzee Sponaugle

Maiti ya Orrin Sponaugle ilikutwa Jumamosi asubuhi chini ya genge la mlima Laurel, kichwa kikiwa kwenye mzizi wa mwaloni na buti moja limemtoka mguuni. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kwa arobaini na minne kati ya hiyo alikuwa mpimaji ardhi pekee mwenye leseni katika kaunti nzima.

Inspekta Verna Cutlip wa ofisi ya sherifu alimfahamu tangu utotoni. Alimfunika uso kwa koti lake mwenyewe, kisha akamgeukia daktari.

"Ameteleza?"

"Anayeteleza hushika chochote. Viganja vyake havina mchubuko. Ila hapa kifuani ana alama mbili, upana wa mikono ya mtu."

"Amesukumwa."

"Ndiyo. Na hakufa papo hapo. Aliishi kama nusu saa."

Verna hakulipenda jambo hilo, na hakulisahau.

Mjini watu walikwisha kumpata muuaji. Jumatatu Mzee Sponaugle alitakiwa kwenda Charleston, makao makuu ya jimbo, kuzungumza mbele ya kamati ya bunge, kupinga muswada wa kufuta leseni za wapimaji. Waliouandika walisema kazi hiyo ni ya kila mwenye simu na nyundo. Basi wanasiasa wamemwondoa, watu wakasema. Verna aliwaacha waseme, akaenda ofisini kwa marehemu.

Idella, binti wa marehemu, ndiye aliyekuwa akimchorea baba yake ramani. Macho yalikuwa mekundu alipoitandaza ramani mezani.

"Baba alikuwa anapima mpaka wa Wendell Propst na kampuni ya mbao. Kampuni inaanza kukata miti Alhamisi."

"Mchoro umekamilika?"

"Bado sahihi na muhuri. Ijumaa alipanda kuliangalia jiwe la pembe kwa mara ya mwisho. Hakuwahi kutia muhuri kitu ambacho hajakirudia."

"Jiwe gani?"

"La mwaka 1908. Lina msalaba uliochongwa juu."

Verna alikuwa ametoka huko. Hakuona jiwe. Aliona chuma cha mpaka tu, kimepigiliwa ardhini futi sitini hivi juu ya pale ramani ilipoonyesha jiwe, kimevikwa kofia ya plastiki isiyo na maandishi.

"Si chuma cha baba," Idella alisema. "Vyake vyote vina nambari ya leseni, 611. Akikosea, unajua mlango wa kubisha."

Chuma kisicho na nambari kilikuwa cha Kermit Teets, na kila mtu alilijua hilo. Gari lake liliandikwa ubavuni "Mipaka kwa Siku Moja". Verna alimkuta kwenye ukumbi wa zimamoto, mbele ya sahani ya chapati za ngano nyeusi.

"Ijumaa ulikuwa wapi, Kermit?"

"Kwa daktari wa meno, Elkins. Shavu lililovimba si hili hapa? Natafuna upande mmoja kama ng'ombe mzee."

Verna alipiga simu palepale. Daktari wa meno alithibitisha.

"Chuma cha mlimani ni chako?"

"Nilimpigilia Wendell miaka mitatu iliyopita. Nilimsaidia jirani tu, dada Verna. Na muswada ukipita hutaniuliza tena hayo."

"Ulipimaje?"

"Nilisoma hati, nikafuata dira ya simu. Kazi ya asubuhi moja."

"Hati ni ya 1908. Kaskazini ya dira husogea, Kermit. Ya leo siyo ya wakati ule."

"Kaskazini inasogea?"

"Inasogea."

Kermit aliweka uma chini. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ndiyo maana kuna mtihani wa leseni."

Rahisi ni ghali, wazee walisema, lakini anayelipa mara nyingi si yule aliyeuza. Verna alipanda kwa Wendell Propst.

Wendell alikuwa mjane, mtu mkubwa, mpole, aliyeimba besi kanisani. Alimkaribisha kahawa. Verna akamwomba kwanza amwonyeshe alipozikwa Maxine, mkewe.

Kaburi lilikuwa kwenye uwazi juu ya nyumba, limefagiliwa majani. Kichwani palikuwa na jiwe la dukani lenye jina. Miguuni palikuwa na jingine la kijivu, na udongo kulizunguka ulikuwa bado mbichi.

"Hili umelitoa wapi?"

"Mtoni, afande."

Verna akapiga magoti, akalipindua. Upande uliokuwa ardhini ulikuwa na msalaba.

"Mto haujui kuchonga, Wendell."

Alimweleza haki zake, pole pole, neno kwa neno. Wendell alisikiliza akiwa amevua kofia.

"Ijumaa Orrin alikuambia nini?"

"Kwamba Kermit amekosea. Kwamba Maxine yuko ardhi ya kampuni." "Wataleta matingatinga, Verna. Watampitishia matingatinga mke wangu."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwomba akubali chuma cha Kermit. Futi sitini tu. Akasema hawezi kutia nambari yake kwenye uongo. Nikamwambia muswada ukipita nambari yenyewe haitakuwa kitu. Akasema, basi usubiri upite."

"Halafu?"

"Akasema, 'Wendell, nisikilize kwanza.' Sikumsikiliza. Nilimsukuma. Nikang'oa jiwe, nikafukia shimo."

"Alikuwa hai bado. Nusu saa."

Wendell alifunika uso kwa kofia, akalia kwa sauti.

Verna alikasirika, na alimhurumia, na yote mawili yalimuumiza. Akautoa mchoro aliopewa na Idella ndani ya jaketi, akaukunjua mbele yake.

"Haya ndiyo aliyotaka uyasikilize."

Kwenye mchoro, ndani ya ardhi ya kampuni, Mzee Sponaugle alikuwa amechora kaburi, uzio wake, na njia ya miguu kutoka mlangoni kwa Wendell. Aliandika: Kaburi la Maxine Propst, lisiguswe, njia iachwe wazi.

"Kaburi likiwa kwenye mchoro wenye muhuri, kampuni hairuhusiwi kuligusa. Bila muhuri, hii ni karatasi."

"Atie mwingine."

"Nani atie muhuri kitu ambacho hakukiona? Mpimaji wa karibu anatoka kaunti ya tatu, atafika Jumatano. Jiwe likishang'olewa, atataka shahidi aliyeliona mahali pake. Orrin amekufa. Umebaki wewe."

Wendell aliweka kiganja juu ya jiwe lenye jina.

"Nikisema, nimemtoa Maxine kwenye ardhi yangu."

"Hakuwahi kuwa kwenye ardhi yako."

Walishuka pamoja, Wendell akiwa na pingu mikononi, mpaka chini ya kaburi, penye mialoni. Wendell alipiga magoti, akaondoa majani kwa mikono yake iliyofungwa mpaka udongo laini ukaonekana.

"Hapa," alisema. "Msalaba ulitazama juu. Kutoka hapa kushuka ni pangu. Kupanda si pangu. Alipolala Maxine si pangu."

Verna alimwomba ayarudie taratibu, apate kuyaandika.